Mstari wa Chokaa wa Bi Duni

Bi Duni Mjaka alikuwa na sikio moja tu la kuaminika, la kulia, na kwa sikio hilo aliilisha nyumba yake miaka ishirini na mitatu. La kushoto liliharibiwa na shoga yake Rukaiya, ambaye machimboni alikaa upande huo siku zote, akipiga nyundo huku akisema, na hakuna aliyejua kipi kati ya viwili hivyo kilicholiua. Duni mwenyewe akiulizwa hujibu, "Nyundo ilikuwa ikipumzika."

Ngojeni kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wapo watu ambao kokoto wanaziona zimeshamwagwa mlangoni. Machimbo ya Mkomamanga yako uwandani, nyuma ya Chukwani, ambako udongo ni wa kujaza kiganja na chini yake ni jiwe tupu, jiwe lililokuwa bahari zamani hizo. Wanawake walikaa chini ya vibanda vya makuti, kila mmoja na nyundo yake na pete ya mpira wa tairi. Jiwe linawekwa ndani ya pete lisiruke, linapigwa mpaka liwe kokoto. Lakini kabla ya kulipiga, mwenye kujua kazi hulibishia hodi. Anagonga mara moja, kidogo, anasikiliza. Jiwe zima hujibu hapo hapo, ti, kavu. Jiwe lenye uwazi ndani hujibu kwa kuchelewa, kama mtu anayeitika "naam" akiwa chumba cha nyuma. Hilo ukilipiga kwa nguvu linapasuka vibaya na kipande kinakuja usoni. Wanawake wawili wa Mkomamanga wana jicho mojamoja. Duni alikuwa na macho yake yote mawili, na wenzake walikuwa wakimletea mawe yao ayabishie hodi kwanza.

Yeye kwao Jang'ombe. Aliletwa huku na mumewe Kheir, na Kheir akaenda Pemba msimu wa karafuu, akaoa huko, msimu wake haujesha mpaka leo. Akabaki Duni na mtoto wa kike wa miaka miwili, Yusra. Kokoto zikamsomesha Yusra. Nikisema hivyo msidhani napamba maneno. Kila daftari la mtoto yule lilikuwa na vumbi jeupe kwenye kurasa.

Sasa, kuna jambo jengine la wanawake wa Mkomamanga, nalo ndilo lililoleta yote haya. Chini ya uwanda ule mna pango lenye maji matamu. Mlango wake ni tundu kwenye kichaka cha mikwaju, mtu mnene hapiti. Maji yanapanda na kushuka pamoja na bahari, ingawa bahari iko mbali. Ni kisima cha wanawake, tangu bibi za bibi zao, na kina sharti moja: mgeni haambiwi kilipo. Hata kukionyesha kwa kidole hairuhusiwi. Mtoto akisahau akanyoosha kidole, anaking'ata papo hapo. Kikitajwa kwa mgeni, wanasema, maji yatahama. Duni aliposhushwa mle mara ya kwanza na mama mkwe wake, aliapishwa yeye na Rukaiya siku moja, ndiyo maana wakawa mashoga.

Mitambo ya kuvunja mawe ilipoanza kuja haikuwa na ubaya. Wa kwanza ulikuwa mdogo, wa magurudumu, unavutwa na lori. Ulikunywa dizeli kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji, kila wiki mbili unaharibika, na kokoto zake hazilingani, moja kama punje ya mahindi, moja kama ngumi. Lakini ulikuwa na adabu ya mgeni: ukimaliza jiwe la hapa unafungasha, unakwenda zako. Wanawake waliuita Mpita Njia.

Kisha akaja Bwana Mansour, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtu mwenye sauti ya upole na haraka nyingi. Yeye hakutaka wa kupita. Alitaka mtambo wa kukaa. Tena alikuwa na hoja, tusimdhulumu. Majumba yanapanda Mbweni na Chukwani, barabara zinatanuliwa, nyundo za wanawake kumi na saba kwa wiki nzima hazijazi msingi wa nyumba moja. Mtambo wa kukaa unakula umeme wa nguzo, wala si dizeli. Unatoa kokoto za saizi tatu, kila saizi na chungu yake, zimelingana kama zimepimwa kwa kibaba. Unarushiwa maji, vumbi halifiki vifuani mwa watu. Unafanya kazi mvua na jua. Na mkono wa mtu haukaribii jiwe.

"Mtanishukuru," alisema. "Macho yenu yatapona."

Mpimaji wake alichoma mashimo matatu ardhini, yote yakakuta jiwe zima. La nne halikuchomwa, kwa sababu mvua iliwakuta. Akasema si neno, tutauliza wenyeji. Akaja na karatasi kwenye kibanda cha Duni.

"Bi mkubwa, hapa chini pana pango lolote? Au kisima?"

Rukaiya alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Duni akamtazama mpimaji, akatazama karatasi.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna kabisa?"

"Jiwe tupu, mwanangu."

Akatia jina lake chini, Rukaiya naye akatia dole gumba. Na mimi sitokwambieni kwamba ni sharti la kisima peke yake lililomfunga mdomo. Yusra alikuwa amemaliza chuo cha ufundi mwezi ule ule, na Bwana Mansour alishatamka kwamba atamtaka mtu wa kuendesha mtambo, aliyesoma, na kama ni mtoto wa hapa hapa, bora zaidi.

Zege likamwagwa, kwenda chini urefu wa mtu na nusu. Juu yake wakasimamisha taya za chuma, mikanda, machekeche, na juu ya yote, kwenye miguu minne ya chuma, chumba cha kioo cha muendeshaji. Humo akakaa Yusra. Siku ya kwanza alipobonyeza kitufe na taya zikaanza kutafuna, Duni alilia. Akasema ni vumbi. Rukaiya akamjibu, "Vumbi gani, na mawe yanarushiwa maji?"

Miaka miwili ilikwenda vizuri. Wanawake waliopata kazi za kupika na kufagia walishukuru, na waliokosa walilalamika, na vidole vyao wote vikaanza kunyooka. Ila jiwe la karibu likaisha. Mpita Njia angeondoka. Huu haukuweza, basi jiwe ndilo likawa linaletwa kwake, kwa malori yaliyojaa pomoni, safari baada ya safari, yanasubiri foleni hapo hapo kando ya mtambo. Uzito ukazidi juu ya pahala pamoja, na mtikisiko haukukoma, asubuhi mpaka Alasiri, siku sita kwa wiki, kwenye jiwe lile lile.

Mwaka huu, baada ya Idi, Duni alishuka kisimani na kata yake, akachota, akakuta maji meupe kama tui. Akangoja siku mbili. Yakawa meupe zaidi.

Wiki iliyofuata popo wakatoka adhuhuri. Si wawili watatu. Walitoka kichakani kama moshi, wakazunguka juu ya mtambo katika jua kali hawajui pa kwenda, wafanyakazi wakawarushia mawe kwa mchezo. Hawakurudi. Duni alikuwa kwake, jirani na mtambo, akiteka maji ya kupikia. Akaweka ndoo chini, akachukua nyundo yake ya zamani ambayo sasa ilikuwa ikizuia mlango wa jiko, akenda mpaka ukingoni mwa zege. Akapiga magoti kama anayetafuta sindano. Akabisha hodi.

Akaitikiwa kutoka chumba cha nyuma.

Akasogea hatua tatu, akabisha. Chumba cha nyuma. Akatazama juu. Kichwa cha mwanawe kilionekana nyuma ya kioo, kimevaa kofia ya njano, kinaimba kitu ambacho hakikusikika.

Alikwenda kwa Bwana Mansour siku ile ile, na hakuzunguka.

"Pana pango. Mtambo umekaa juu yake. Mie nilisema uongo."

Bwana Mansour alikuwa akinywa chai. Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akaigeuza upande wa Duni taratibu.

"Bi Duni, hili jina la nani?"

"Langu."

"Basi nimuamini Bi Duni yupi? Wa karatasi au huyu?"

"Njoo ushuke ukaone, bwana wangu. Nitakuonyesha."

"Tundu lenyewe lina upana gani?"

Duni akaonyesha kwa mikono. Bwana Mansour akajishika tumbo, akacheka, na karani wake akacheka naye. Kisha akaacha kucheka. "Nisikilize. Wako wanawake wamekosa kazi wanautakia mtambo huu mabaya, najua. Na wewe mwanao anakula hapa. Hata kama lipo hilo pango, unataka nifanye nini? Huu si mkokoteni niuvute. Nimeumwagia zege. Pahala ulipo ndipo utakapozeekea."

"Uzime basi, mpaka wapimaji waje tena."

"Wapimaji watakuja baada ya masika."

Nyumbani, Yusra alimsikiliza mama yake huku akiosha kofia yake ya kazi. Hakuamini kwamba pango linafika mpaka chini ya mtambo, wala hakubisha. Aliomba apelekwe. Na Duni akampeleka, Ijumaa, baada ya Sala, mtambo ukiwa umezimwa. Mtoto wa mama ni mwenyeji, sharti halikuvunjika. Walishuka na tochi mbili. Maji yalikuwa yamejaa, yanafika magotini, meupe. Walipofika ndani zaidi Yusra akainua tochi yake.

Dari la pango lilikuwa limefanya ufa, mrefu, umejipinda kama mto kwenye ramani. Na kutoka ndani ya ufa, pande tatu, zege lilikuwa limechuruzika na kuganda, kama nta ya mshumaa. Zege la Bwana Mansour. Lilishapita siku ile ile lilipomwagwa, likaning'inia humo miaka miwili.

Yusra akaweka kiganja kwenye ncha ya zege lile. Alikuwa mrefu, alilifikia.

"Mama," alisema. "Hapa ni chini ya kiti changu."

"Ndiyo."

"Unene wa jiwe lililobaki chini ya zege haufiki urefu wangu."

"Njoo tutoke."

"Ulijua? Siku ile ya karatasi?"

Tone lilianguka majini, na jengine. "Nilijua pango lipo. Sikujua limefika hapa. Sikutaka kujua."

Walipotoka juani, Duni alisema alichokuwa amekipanga tangu popo watoke. "Jumamosi huendi kazini. Unaumwa. Jumatatu pia unaumwa."

"Nikiumwa mie atapanda mwengine."

"Apande."

"Atapanda Abdulhakim, mama. Wa Bi Rukaiya. Ndiye aliyefundishwa baada yangu."

Abdulhakim alinyonya ziwa la Duni siku Rukaiya alipokuwa na homa.

"Nitapanda," alisema Yusra. "Lakini nitapanda nikijua, na mkono wangu uko kwenye kitufe chekundu. Nitampa Bwana Mansour picha nilizopiga pangoni."

Alimpa. Bwana Mansour alizitazama kwenye simu, akauliza picha ya pango inaonyesha vipi kwamba ni pango la hapa, na si la Mangapwani. Jumamosi saa moja asubuhi taya zikaanza kutafuna. Yusra alikuwa juu.

Sasa mjue kwamba Duni usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo hakulala, lakini kilichotokea hakikutokea usiku. Kilitokea saa mbili asubuhi, jua limeshapanda, malori tisa yako foleni. Alitoka jikoni na ndoo ya chokaa iliyochanganywa maji, fagio la chelewa, na nyundo. Akaanzia kichakani, mbele ya macho ya kila mtu. Akapiga magoti, akabisha hodi. Akasikiliza kwa sikio la kulia. Ti. Akasogea hatua moja. Naam ya chumba cha nyuma. Baina ya sauti mbili hizo akatia doa la chokaa. Akasogea.

Wafanyakazi walidhani amepata wazimu. Madereva walicheka kwanza.

"Bi Duni, shikamoo! Unatuchorea uwanja wa mpira?" Huyo alikuwa Matar, dereva mkongwe wa lori la kwanza, mtu wa Tumbatu.

"Marahaba, Matar. Niombee nimalize."

"Goli liko wapi?"

"Umesimama juu yake."

Matar aliacha kucheka. Alikuwa amejenga nyumba mbili kwa mawe aliyochaguliwa na mwanamke huyu, hajapata lililopasuka. Akashuka, akamfuata hatua mbili nyuma. Doa baada ya doa, Duni aliyaunganisha kwa fagio, mstari mweupe ukawa unatambaa. Ulitoka kichakani, ukazunguka chungu ya kokoto za nusu inchi, ukaipita foleni ya malori na kuyaacha manne ndani. Ukaingia chini ya mkanda, ukatokea upande wa pili wa zege, ukarudi ulikoanzia. Mtambo mzima ulikuwa ndani. Chumba cha kioo kilikuwa katikati kama kiini cha yai.

Rukaiya alikuja mbio kutoka kwake, kanga moja kichwani moja mkononi. "Duni! Umekionyesha! Umewaonyesha wanaume!"

"Sikunyoosha kidole," alisema Duni, bado amepiga magoti. "Yusra akishuka, mwanao akapande pale Jumatatu?"

Rukaiya akautazama mstari, akauzungushia macho wote. Alishusha pumzi ndefu, akachukua fagio mkononi mwa shoga yake, akakoleza pahala palipofifia.

Bwana Mansour alitoka ofisini na sauti yake ya upole imemtoka. Aliamuru mstari ufutwe na malori yasogee. Matar akapanda lori lake, akawasha, kila mtu akamtazama. Akalirudisha nyuma, polepole, mpaka magurudumu ya mbele yakatoka kwenye chokaa. Akazima. La pili likafanya vivyo hivyo, la tatu, la nne. Matar akatoa kichwa dirishani.

"Bwana Mansour, jiwe mie nimelileta. Limwage mwenyewe."

Mtambo wa kukaa haulifuati jiwe. Ndani ya nusu saa taya zilikuwa zinatafuna upepo, na sauti yake ilikuwa mbaya kuliko ya kazi. Yusra akabonyeza kitufe chekundu. Alishuka ngazi hatua moja moja, ameshika chuma kwa mikono miwili, na alipofika chini alitembea kwa ncha za vidole, kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Alipovuka mstari, Duni alimshika mkono, hakuuachia mpaka nyumbani.

Wengine mngependa nikwambieni kwamba ardhi ilifunguka siku ile mtambo ukazama, Bwana Mansour akashika kichwa. Haikufunguka. Ndiyo shida yake. Madereva hawavuki, mtambo hautafuni, na Bwana Mansour anasema mjini kwamba aliharibiwa biashara na mwanamke mwenye fagio. Wapimaji walikuja, hawakungoja masika, wakachoma shimo la nne, chuma kikashuka kikapotea. Wakaandika, wakaondoka. Kuubomoa kunataka winchi nzito, na winchi haiwezi kuingia ndani ya mstari. Basi umesimama, na uzito wake wote, juu ya dari lile.

Yusra anaendesha Mpita Njia kwengine, kule Kitumba. Analalamika kwamba kokoto hazilingani.

Duni kila alfajiri baada ya Sala huchukua nyundo na ndoo. Nilipita huko Jumatano, nikamkuta anabisha hodi nyuma ya jiko la Rukaiya, hatua ishirini nje ya mstari wa kwanza. Mistari sasa iko mitatu, mmoja nje ya mwengine, wa kale umefifia. Rukaiya alikuwa anatoa vyungu vyake nje kimoja kimoja, hasemi neno.

Nikauliza, "Vipi, Bi Duni?"

Alinyanyua mkono ninyamaze. Akagonga. Akainamisha sikio lake la kulia mpaka likagusa jiwe, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akachovya fagio ndooni.

Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa kusini.